Mbwa Kwenye Kiti cha Baba

Poda, vumbi linaloungulia juu ya taa ya umeme, na manyoya ya mbwa aliyelowa. Hizo ndizo harufu za komunyo yangu ya kwanza, na kama kuna mtu anayeona kwamba hazifai kwa siku takatifu, hiyo ni shida yake. Hadi leo nikipita karibu na taa ya zamani iliyowashwa muda mrefu, narudi moja kwa moja kwenye studio ya Baba Rishari pale Bwiza, chumba kimoja kirefu kati ya baa na duka la viatu, chenye pazia zito la kijani mlangoni. Ukutani kulichorwa ziwa lenye mabata meupe ya shingo ndefu ambayo hakuna mtu wa Bujumbura aliyewahi kuyaona, wakati ziwa letu lenyewe, lenye viboko na dagaa tunaowaita ndagala na wasichana wanaofua, lilikuwa hapo chini tu, umbali wa kutembea. Lakini sisi tulilipenda lile la ukutani. Mtu aliyepigwa picha mbele yake alionekana ametoka safari, na watu wa Bwiza walipenda kuonekana wametoka safari.

Baba Rishari alikuwa mtu mpole mwenye tumbo la mbele na sauti ya padri, na alikuwa na namna yake ya kufanya kazi ambayo hakuna aliyeweza kumwachisha. Kabla hajagusa kamera, kabla hajauliza mko wangapi, alikwenda nyuma ya ukuta na kurudi amebeba kiti. Kilikuwa kiti cha mbao nyeusi, chenye mikono iliyochongwa na kitambaa chekundu kilichoanza kung'aa kwa kukaliwa. Kile kilikuwa kiti cha baba. Alikiweka katikati ya ziwa, akakinyoosha kwa goti, kisha ndipo akaanza kuijenga familia kukizunguka: mama amesimama kuume, mkono begani, watoto wakubwa nyuma, wadogo mbele wamepiga magoti. Baba akiwa safarini, Baba Rishari alikuwa na koti jeusi la studio ambalo alilivika mgongo wa kiti, na wote walioiona picha walielewa kwamba mwenye nyumba yupo, ametoka tu kidogo. Nimeona picha za namna hiyo katika nyumba nyingi za Bwiza. Kuna familia ambazo koti lile moja ndilo baba wa wote.

Kwetu baba hakuwa safarini. Baba alikuwa Ruziba, kusini mwa mji, kwa mwanamke mwingine aliyekuwa na shamba la nyanya karibu na maji. Alikwenda mara ya kwanza akasema anakwenda kusimamia mavuno, na mavuno hayo hayakwisha. Mama hakulia mbele yetu. Alikuwa mtu wa Uvira, upande wa Kongo, ng'ambo ya mpaka, na kazi yake ilikuwa kuvuka asubuhi na kurudi jioni na vitenge ambavyo aliviuza kwa wateja wake nyumba hadi nyumba. Miguu yake ilikuwa na vumbi la nchi mbili. Mimi, Jakelini, nilikuwa mkubwa, na mdogo wangu alikuwa Belise, ambaye meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka na bado hayajaota upya. Watu wa mtaani walimhurumia Mama kwa sauti ya juu, ili asikie, na huruma ya aina hiyo mimi niliichukia tangu utotoni na bado naichukia. Kila aliyepita alikuwa na shauri. Shauri walilolipenda zaidi lilikuwa hili: nyumba isiyo na mwanaume itafute mbwa, vinginevyo wezi watahamia humo.

Mama alilichukua shauri hilo kama lilivyo. Siku moja ya mwanzo wa kiangazi, upepo ulipokuwa umeanza kupeperusha vumbi jekundu, alirudi kutoka Uvira amebeba kitu mgongoni ndani ya kitenge. Alituambia baadaye, akicheka mpaka akakaa chini, kwamba pale mpakani askari mmoja alimwonea huruma kwa kutembea juani na mtoto mchanga, akamtoa kwenye mstari na kumpitisha mbele, tena akamwombea huyo mtoto baraka za Mungu. Mtoto mwenyewe alikuwa mbwa. Alikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limesimama na lingine limelala, tumbo limejaa kama amemeza chungwa, na alipowekwa sakafuni alikojoa palepale kwa furaha ya kufika. Belise alimchukua siku hiyo na hakumweka chini tena. Tulipouliza jina lake Mama alisema hana jina bado, jina litakuja lenyewe, tusimharakishe.

Jumapili ya komunyo yangu baba aliahidi kuja. Nataka kulisema hili wazi, kwa sababu watu hupenda kuhadithia kwamba watoto wa nyumba kama yetu walizoea. Mimi sikuzoea. Nilimtaka baba yangu. Nilikuwa nimemwota amekaa kwenye kile kiti chekundu, mimi nimesimama kando yake na gauni langu jeupe na veli na mshumaa wenye utepe, mkono wake juu ya mkono wangu. Kanisani niligeuka nyuma mara nyingi mpaka sista aliyetufundisha akanifinya. Baada ya misa tulimngoja langoni hadi watu wa misa iliyofuata walipoanza kuingia. Kisha Mama alinifuta uso kwa kona ya kitenge chake, akasema twende studio, picha ya komunyo hupigwa siku ya komunyo. Tulipitia nyumbani kumchukua mbwa, kwa sababu akiachwa peke yake alilia mpaka majirani wote wakatoka nje. Nikasema kama ni lazima aje, basi aoshwe, asinichafulie gauni. Ndiyo maana alifika studio amelowa, ananukia sabuni ya kufulia, amefungwa ndani ya taulo mikononi mwa Belise.

Baba Rishari alituona tuko watatu, akakwenda nyuma akarudi na kiti. Alikiweka katikati ya ziwa. Alitazama mlangoni, akatutazama sisi, akaelewa, akakwenda tena nyuma akarudi na koti.

"Mama Jaki," alisema kwa upole, "leta tuweke hii koti ku kiti. Watu wakiona watajuwa baba alitoka kidogo tu."

Mama alilitazama lile koti. Lilikuwa na alama za poda shingoni, poda ya wake za watu wengi.

"Apana," alisema. "Mutu mwenyewe hakukuya, sasa koti njo ikuye?" Yaani mwenyewe hakuja, ndiyo lije koti.

Baba Rishari alilirudisha koti, lakini kiti hakukiondoa. Kwake yeye picha ya familia bila kiti ilikuwa jambo lisilowezekana, kama nyumba isiyo na mlango. Hivyo akatupanga kama kawaida yake kuzunguka kiti kitupu: Mama kuume, mkono juu ya mbao ambapo bega lingekuwa, mimi kushoto na mshumaa wangu, Belise mbele. Alimwambia Belise amweke mbwa chini. Belise alimweka. Baba Rishari aliinama, akasema tusipepese macho, akaanza kuhesabu, na mtoto wa mbwa, ambaye maisha yake yote mafupi alikuwa hajawahi kuona kitu laini kiko wazi bila mtu kumfukuza, aliruka. Alishindwa mara ya kwanza, akajivuta kwa makucha, akapanda, akageuka, akakaa katikati ya kitambaa chekundu akatazama mbele moja kwa moja kwenye kamera. Taa ikawaka. Ilikuwa picha ya mwisho katika ile filamu, na Baba Rishari alisema kwa huzuni kwamba hataweza kutupiga nyingine siku hiyo.

Sasa, mtu mwenye akili angedhani kwamba picha kama ile ingefichwa. Lakini Baba Rishari alipoisafisha na kuiona, alipenda macho yetu. Alituambia kwamba katika kazi yake yote hajawahi kupata familia ambayo macho ya wote yako wazi namna ile, hata ya mbwa, na watu wote wanatazama mahali pamoja. Alikuwa fundi, na fundi akipata kazi nzuri haulizi inasema nini. Aliikuza, akaiweka katika dirisha lake la kioo, katikati, kati ya maharusi wawili na mwanajeshi. Sisi tulijua pale Belise aliporudi kutoka dukani anakimbia, akipiga kelele kwamba mbwa wetu yuko barabarani ndani ya kioo.

Bwiza ilikuja kuangalia. Watu waliotoka sokoni waliweka mizigo chini. Wanywaji wa baa ya jirani walitoka na chupa mikononi. Na hapo ndipo nilipojifunza kwamba picha haisemi kile kilichotokea, inasema kile ambacho watu wako tayari kusikia. Katika nchi yetu kumwita mtu mbwa si mzaha. Watu wameacha kusalimiana miaka kwa neno hilo. Na hapa palikuwa na mwanamke aliyeachwa, mwenye gauni lake zuri, mkono juu ya kiti cha mume, na juu ya kiti, mahali pa mume, mbwa. Hakuna aliyedhani kwamba aliruka mwenyewe. Wanawake waliziba midomo kwa mikono wakacheka na mabega. Wanaume walisema huyu Mkongomani ni hatari. Kufikia jioni hadithi ilikuwa imekwisha kushonwa: Mama alimfundisha mbwa, Mama alimlipa mpiga picha, Mama alimnunua mbwa Uvira kwa ajili hiyo tu.

Habari zilipanda basi zikafika Ngagara kabla ya jua la siku iliyofuata kuwa kali. Huko Ngagara, katika zile nyumba zilizopangwa kwa mistari na namba, alikaa Shangazi, dada mkubwa wa baba, mke wa mtumishi wa serikali, mwanamke mrefu ambaye aliingia katika nyumba za watu kana kwamba anakagua. Alipita kwanza studioni, akaona kwa macho yake, kisha akaja kwetu. Hakukaa. Alisimama katikati ya ua na mkoba wake ukiwa umekumbatiwa, mbwa akimnusa viatu.

"We mwanamuke, unajuwa umefanya nini?" alisema. "Umeweka mbwa mu nafasi ya ndugu yangu! Ngagara muzima wanatucheka!"

Kisha alitoa masharti. Picha itolewe dirishani. Mbwa aondoke nyumbani. Na Mama alete kreti ya bia Ngagara, apige magoti mbele ya ukoo wa baba, aombe msamaha kama desturi inavyotaka. Asipofanya hivyo, alisema, watoto hawa ni wa ndugu yangu, hawawezi kulelewa katika nyumba ya matusi. Watakuja Ngagara, na nguo zao, kabla shule hazijafunguliwa. Alisema hivyo akinitazama mimi. Nililijua lile jambo. Kwetu watoto ni wa ukoo wa baba, na nilikuwa na rafiki shuleni aliyechukuliwa hivyohivyo, akabaki anamwona mama yake langoni kama muuza mboga.

Nilifungua mdomo kusema ukweli. Ulikuwa ukweli mdogo na ungemaliza kila kitu: mbwa aliruka mwenyewe, Shangazi, muulize Baba Rishari. Mama aliniwekea mkono juu ya kichwa, mkono mzito, na nikanyamaza. Sikuelewa kwa nini. Leo naelewa vizuri sana. Kama angesema ni bahati mbaya, angekuwa ameomba msamaha kwa kuachwa, kwa kuja kanisani peke yake, kwa mkono wake kuwa juu ya mbao badala ya bega. Hakuwa amemtukana mtu. Lakini hakuwa tayari pia kuonekana anatetemeka.

Hapa ni lazima nieleze desturi moja ya upande wa baba. Milimani walikotoka, mtu akikorofishana na jirani hamfuati kumtukana. Anampa mbwa wake jina. Jina hilo ndilo jibu lenyewe, na jioni anasimama mlangoni kumwita mbwa kwa sauti ndefu, na jirani anasikia, na hawezi kulalamika, kwa sababu nani ameitwa? Mbwa. Babu yangu alikuwa na mbwa ambaye jina lake liliwaambia majirani kwamba mpaka wa shamba hautasogea, na alimwita kila siku hata mbwa akiwa amelala miguuni pake. Mama aliyajua hayo yote kwa kukaa na wakwe. Alimsikiliza Shangazi hadi mwisho, akamshukuru kwa kufika, akamsindikiza hadi langoni kama inavyotakiwa. Shangazi alipofika barabarani, Mama alisimama kwenye lango, akaweka mkono kiunoni, akamwita mtoto wa mbwa, kwa Kirundi chake chenye lafudhi ya Uvira, ili hata walioko kwenye baa wasikie.

"Nibavuge! Nibavuge, njo hapa!"

Maana yake ni: waache waseme. Shangazi alisita hatua moja, bila kugeuka, kisha akaendelea. Mbwa alikuja mbio kana kwamba alikuwa akilisubiri jina hilo tangu mpakani. Kuanzia jioni hiyo Mama alimwita asubuhi na jioni, na sisi tulimwita mchana kutwa, na watoto wa jirani wakajifunza, mpaka mtaa mzima ukawa unapiga kelele waache waseme bila wenyewe kutaka. Usidhani hatukuogopa. Usiku Belise alilala amening'ang'ania, na niliwahi kumkuta Mama amekunja nguo zetu kitandani, anazitazama, kisha anazikunjua tena na kuzirudisha sandukuni.

Ukoo ulikuja kukaa kikao kwetu. Alikuja Shangazi na mumewe, na wazee wawili wa upande wa baba, na baada yao, akiwa amechelewa, alikuja baba mwenyewe kutoka Ruziba. Alikuwa amenenepa kidogo na alinukia majani ya nyanya. Nilimkimbilia, kisha nikasimama katikati ya njia, sijui nifanye nini na mikono yangu. Alinigusa shavu. Alikwenda kukaa kwenye benchi karibu na mlango, mahali pa mgeni anayejua hatakaa sana. Mama alileta vinywaji, maana kwetu hakuna neno zito linalosemwa koo likiwa kavu, kisha akakaa kwenye mkeka, Nibavuge amelala kwenye pindo la kitenge chake. Shangazi alisema yote aliyoyasema uani, kwa urefu zaidi. Wazee walitikisa vichwa. Mume wa Shangazi aliulizwa, akasema picha ni mbaya. Kisha wakamwambia Mama aseme.

"Munauliza juu ya nini mbwa iko ku kiti," alisema Mama. Hakupandisha sauti. "Nawasikia. Lakini hakuna mutu hata mumoja ameuliza juu ya nini kiti ilikuwa wazi."

Kwa nini kiti kilikuwa wazi: swali lilikaa katikati yetu, na nakumbuka nzi aliyekuwa akitembea kwenye mdomo wa chupa ya mzee mmoja. Hakuna aliyemtazama baba, na ndivyo nilivyojua kwamba wote walikuwa wanamtazama. Mzee mwenye nzi ndiye aliyekohoa kwanza, akasema kwamba jambo hili ni jepesi kuliko tulivyolifanya. Mwenye kiti na akikalie. Ipigwe picha nyingine, ya heshima, baba mahali pake, na ile ya mbwa itoke dirishani, hata mbwa abaki, na watoto wabaki na mama yao. Mama alisema ndiyo, mara moja, mbele ya wote. Wakamgeukia baba.

"Bon," alisema baba. "Siku ya Mungu, kisha misa, nitakuya. Nimesema."

Aliniangalia aliposema hivyo, na mimi, pamoja na yote, nilimwamini. Wiki ile nilifua veli yangu mwenyewe. Nilimwambia Nibavuge kwamba Jumapili atabaki sakafuni, kwamba kiti kina mwenyewe, na nilimfundisha kukaa chini kwa kumpa ugali. Nilikuwa upande wa baba kabisa. Kama angekuja, leo ningekuwa naandika hadithi nyingine na labda ningekuwa mtu mpole zaidi.

Jumapili tulikaa kwenye benchi ya studio, Mama, Belise, mimi na mbwa, na harufu ya poda. Wale wazee wawili walikuwa wamepita wakasimama nje, kushuhudia. Kiti kilikuwa tayari katikati ya ziwa. Familia nyingine zilikuja, Baba Rishari akaazima kile kiti kwa ajili yao, baba zao wakakikalia, wakalipa, wakaondoka, kiti kikarudi mahali pake kikabaki kitupu. Veli ilinichoma shingo. Wazee walichoka wakaagana na Mama bila kumwangalia machoni. Mwanga wa mlangoni ulipoanza kuwa wa njano, Baba Rishari alikwenda nyuma polepole, akarudi na lile koti jeusi juu ya mkono wake. Alilishika tu, anangoja.

Kitu kilikatika ndani yangu wakati ule, na nashukuru kilikatika mapema. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, hasira safi, isiyo na machozi. Nilisimama, nikalichukua lile koti kutoka mkononi mwa mtu mzima, bila ruhusa, nikalirudisha nyuma ya ukuta nikalitundika kwenye msumari wake. Niliporudi nilimwambia Mama, "Kaa we mwenyewe." Mama alinitazama, akamtazama Baba Rishari. Baba Rishari alisema kwamba mama kawaida anasimama kuume. Nikasema tena, kwa sauti ambayo nadhani ilitoka Ngagara, kwa Shangazi: "Mama, kaa." Mama akaketi. Aliketi mzima mzima, mgongo umegusa mbao, mikono yote miwili juu ya mikono ya kiti, na nilipomwona hivyo nilijiuliza kwa nini sikuwahi kumwona amekaa namna ile. Kisha nilimpigia Nibavuge makofi, akaruka mapajani mwake bila kushindwa, maana alikuwa amekua. Taa ikawaka.

Baba Rishari aliweka picha ya pili dirishani kando ya ya kwanza. Ya kwanza hakuitoa, kwa sababu masharti yalikuwa baba akija. Shangazi alikuja kutoka Ngagara siku iliyofuata, akasimama mbele ya kioo peke yake. Mwenye duka la viatu ndiye aliyetusimulia. Alisema Shangazi alisimama muda mrefu, mkoba umekumbatiwa, kisha akapanda basi bila kufika kwetu. Hakuomba radhi na hakuzungumza tena kuhusu nguo zetu. Mwaka mpya alituma keki. Tuliila. Na baada ya hapo mjane mmoja aliyeuza maharage alikwenda studioni na wanawe, Baba Rishari alipoleta koti akamwambia alirudishe, akaketi yeye. Alifuatwa na wengine. Kitambaa chekundu kikapata watu wapya wa kukichakaza.

Sasa nina simu ambayo ndani yake kuna picha nyingi kuliko ambazo Baba Rishari alipiga katika maisha yake yote, na nyingi ni za sahani, magari, na nusu ya uso wangu. Hakuna anayeleta kiti. Studio imekuwa duka la kompyuta, lile ziwa lenye mabata limepakwa rangi nyeupe, na Nibavuge alikwisha kufa kwa uzee, amezikwa nyuma ya jiko la Mama. Baba naye alifariki mwaka jana, huko Ruziba, na karibu tutaondoa matanga, ambayo kwetu hungojewa mwaka mzima. Nilimzika na nililia, sikulia kwa adabu, nililia kweli, kwa sababu alikuwa baba yangu na nilimngoja siku nyingi. Mdogo wangu wa Ruziba, mtoto wa yule mama mwingine, ni kijana mzuri na simlaumu kwa lolote. Yeye ndiye anayetengeneza picha kubwa itakayotundikwa siku hiyo, na aliniomba nimtumie za zamani. Nilimtumia ile ya komunyo.

Alinirudishia imetengenezwa. Siku hizi wanaweza. Baba amekaa kwenye kiti chekundu, amevikwa koti jeusi, anatabasamu kwa uso walioutoa kwenye picha yake ya kitambulisho. Mkono wa Mama uko begani kwake. Mimi niko kushoto na mshumaa wangu, na mkono wake umewekwa juu ya mkono wangu, barabara, kama nilivyoota. Mbwa hayupo. Hata unyoya. Nilikaa nikiitazama mpaka chai ikapoa, na kilichoniuma hasa ni kwamba ilipendeza. Kama ningepewa picha ile nikiwa msichana wa veli, ningelala nayo chini ya mto.

Nilimpelekea Mama simu pale Bwiza. Alivaa miwani, akaisogeza, akaiweka mbali, akaisogeza tena.

"Koti ya Baba Rishari iyi," alisema. Kisha akatafuta kwa kidole juu ya kioo cha simu, huku na huku, chini ya kiti na nyuma ya kiti. "Na mbwa yangu iko wapi?"

Nilimwandikia mdogo wangu palepale, nikiwa nimekaa kando ya Mama. Nilimwambia nitakuja Ruziba, nitapika, nitaimba, nitasimama na ukoo kama mtoto wa baba, na atundike picha yoyote ya baba akiwa mahali alipokuwa kweli, kwenye nyanya zake, anacheka. Lakini ile yetu airudishe kama ilivyokuwa. Kile kiti kiliwekwa kwa ajili ya baba Jumapili mbili, mbele ya watu, na aliyekuja ndiye aliyekaa.